Uso kwa Uso: Maana ya Mkabala katika Dini na Maisha ya Unguja

"Uso kwa uso" ni usemi wa Kiswahili unaoeleza kukutana kwa watu wawili bila ya kitu wala mtu baina yao. Una ndugu wawili wa karibu, "ana kwa ana" na "macho kwa macho", na mara nyingi watu hutumia wowote kati ya hizo tatu. Hata hivyo kila usemi una kazi yake. "Ana kwa ana" husisitiza kuwapo: wahusika walifika wenyewe, hawakutuma mjumbe wala barua. "Macho kwa macho" husisitiza ghafla: mtu amekata kona, akamwona asiyemtarajia, na pa kujificha hapana. "Uso kwa uso" huchukua yote mawili na kuongeza la tatu, kwamba kila mmoja sasa yuko tayari kuulizwa na mwenziwe. Ndiyo maana husemwa kwamba mtu amekutana uso kwa uso na mdai wake, au na ukweli, au na mauti. Na wenye dini wameuliza kwa karne nyingi kama mja anaweza kukutana hivyo na Mola wake.

Uso katika Kiswahili si sehemu ya mbele ya kichwa tu. Wahenga wamesema "uso umeumbwa na haya", na haya inayokusudiwa hapo si fedheha ya mkosaji. Ni ule uzito unaomzuia mtu kumnyima aliyesimama mbele yake jambo ambalo angemnyima bila ya shida kama angekuwa mbali. Mdeni aliyetumiwa ujumbe mara kumi hujibu mara kumi kwamba "kesho". Mdai akifika mwenyewe, akaketi barazani, akaulizia hali ya watoto na wala asitaje fedha, mdeni huinuka akaingia ndani kutafuta chochote kilichopo. Hakuna hoja mpya iliyotolewa. Kilichobadilika ni kwamba uso umekuja. Asiyeguswa na hali hiyo huambiwa ana "uso mkavu". Aliyefikwa na aibu huuliza, "Uso wangu nitauweka wapi?" Na kumfedhehesha mtu mbele ya watu ni "kumuumbua", neno ambalo kwa muundo wake ni kinyume cha kuumba. Ikiwa uso umeumbwa na haya, basi anayemuumbua mwenziwe anakifumua kile kilichoumbwa.

Kinyume cha uso ni kisogo. Kumpa mtu kisogo ni kumtupa, na kumsema nyuma ya kisogo chake ni kumsengenya. Mtume Muhammad alipoulizwa kusengenya ni nini, alieleza kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia, hata kama ni la kweli. Ubaya wake basi hauko katika uongo pekee. Uko pia katika kumnyima mtajwa nafasi ya kujibu, na Waswahili wamelifupisha hilo katika methali isemayo "asiyekuwepo na lake halipo". Adabu ya hukumu imejengwa juu ya jambo hilohilo: kadhi hatakiwi kukata shauri kwa maneno ya upande mmoja, bali asubiri mpaka amsikie wa pili. Hata neno "shahidi", lililotoka katika Kiarabu, lina asili ya kuwapo mahali. Shahidi ni aliyehudhuria.

Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa kwa namna ambayo inamlazimisha mtu kukutana na nyuso. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba katika baadhi yao wawili wanaopishana hugeuka ubavu, na mwenye mzigo hupewa njia. Kando ya kuta ziko baraza, benchi za mawe zilizoungana na nyumba, ambapo wanaume huketi baada ya swala ya alasiri na baada ya Isha. Mara nyingi kuna baraza pande zote mbili za njia, na apitaye kati hupita mbele ya macho ya waliokaa kulia na kushoto. Kupita kimya hapo ni kosa. Muuza kahawa, birika la moto mkono mmoja na vikombe vidogo mkono wa pili, humpa kila mtu kikombe chake mkononi, na mazungumzo ya siasa, ya mpira au ya mirathi huendelea juu ya kahawa chungu. Huko Soko Muhogo, mahali panapoitwa Jaws Corner, mabishano ya namna hiyo huwa makali, lakini yana mpaka wake, kwa sababu wabishani hao watakutana tena kesho kwenye baraza ileile.

Hata hivyo mila hiyohiyo haimruhusu mtu kuuvamia uso wa mwenziwe. Mgeni anayepiga hodi kwa adabu hasimami mbele ya mlango akachungulia ndani. Husimama pembeni, akabisha hodi hadi mara tatu, na asipojibiwa huondoka. Adabu hiyo ina msingi katika Sura ya 24 ya Kurani, inayowataka Waumini waombe ruhusa kabla ya kuingia nyumba zisizo zao, na katika mwenendo wa Mtume, ambaye hakuwa akiielekea milango ya watu moja kwa moja bali alisimama upande wa kulia au wa kushoto. Kwa kuwa "macho hayana pazia", pazia huwekwa na mwenye macho mwenyewe. Kukutana uso kwa uso kunahitaji idhini. Neno "karibu" ndilo linaloigeuza nafasi iliyopo baina ya watu wawili kuwa mkabala.

Neno hili "mkabala" linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndilo mlango wa suala lote. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye herufi tatu, qaf, ba na lam, na mzizi huo umeipa Kiswahili ukoo mzima wa maneno. "Kukabili" ni kuelekea kitu kwa uso. "Kibla" ni upande ambao uso huelekezwa katika swala. "Kukubali" ni kupokea kilicholetwa mbele yako. "Kabuli" ni jibu la bwana harusi katika ndoa. Kuelekea na kupokea vimezaliwa katika mzizi mmoja, na mtumiaji wa Kiswahili huvikuta pamoja kila siku bila ya kuvitafuta.

Kwa mwenye kusali Unguja, kibla kiko karibu sawasawa na kaskazini, kwa sababu kisiwa na mji wa Makka vimepishana kidogo tu katika longitudo. Ushahidi wa kale wa uelekeo huo uko Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa. Msikiti wa hapo una mihrabu yenye maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yaliyoandikwa mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107. Vizazi vya wavuvi na wakulima vimesimama mbele ya ukuta huo vikiuelekeza uso upande uleule. Anayechinja humwelekeza mnyama kibla, na maiti hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia, uso wake kibla. Ila siku ya Ijumaa khatibu hukipa kibla mgongo akawaelekea watu, kwa kuwa sasa anasema nao. Na kila swala humalizika kwa kuugeuza uso kulia kisha kushoto na kutoa salamu. Ibada inayoanza kwa kumwelekea Mungu humrudisha mja kwa majirani zake.

Katika ndoa, mkabala huo huonekana waziwazi. Mara nyingi nikaha hufungwa msikitini, na bibi harusi huwa ameshaulizwa idhini yake nyumbani. Wali wa mwanamke, au sheikh aliyepewa uwakala, huketi kitako mbele ya bwana harusi, magoti yakikaribiana, na mkono wa kulia wa mmoja ukiwa ndani ya mkono wa kulia wa mwengine. Wali hutamka ijabu: nimekuoza fulani kwa mahari kadha. Bwana harusi hutakiwa kujibu papo hapo, pasipo kitambo wala maneno mengine kuingia kati, naye hujibu kwamba amekubali. Mashahidi wawili husikiliza kila neno. Akisitasita au akiyameza maneno, huambiwa arudie, na msikiti mzima hunyamaza. Sharia imeufunga mkataba mzito kuliko yote ya maisha ya kawaida kwa mambo yasiyohitaji karatasi: kikao kimoja, sauti mbili na watu wanaoshuhudia. Na kabla ya hapo imemruhusu mchumba kumtazama usoni anayemposa, kwa kuwa Mtume alimwelekeza hivyo sahaba wake mmoja, akieleza kuwa jambo hilo lina matumaini zaidi ya kuleta mapenzi baina yao.

Mkabala wa binadamu na binadamu basi unaeleweka. Swali gumu ni la mkabala wa binadamu na Mungu, na Unguja ni mahali ambapo swali hilo halikubaki vitabuni. Masultani wa ukoo wa Busaidi, waliotawala tangu Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19 hadi Mapinduzi ya 1964, walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi. Wengi wa raia zao Waislamu walikuwa, na wamebaki, Masuni wafuatao madhehebu ya Shafi. Dola iliweka makadhi wa pande zote mbili. Na mojawapo ya mambo yaliyowatenganisha wanazuoni hao ni hili: je, Waumini watamuona Mwenyezi Mungu huko Akhera?

Kurani inayo habari ya Nabii Musa aliyeomba kumuona Mola wake. Akajibiwa kuwa hatamuona, na akaambiwa autazame mlima. Mlima ukavunjikavunjika, naye akaanguka amezimia. Sura ya 6 inaeleza kuwa macho hayamfikii Mungu bali Yeye huyafikia macho. Lakini Sura ya 75 inazitaja nyuso zitakazong'ara siku hiyo, zikimwelekea Mola wao. Masuni huichukua aya hii ya mwisho kwa dhahiri yake, wakiitilia nguvu kwa Hadithi inayofananisha kuonekana huko na kuonekana kwa mwezi mpevu usiku, pasipo watazamaji kusongamana. Jibu alilopewa Musa, kwa maoni yao, ni la duniani tu. Maibadhi huona kuwa aya ya macho ni ya kudumu, duniani na Akhera, na kwamba neno lililotumika katika Sura ya 75 hubeba pia maana ya kungojea: nyuso hizo zitakuwa zikingojea rehema na malipo ya Mola wao. Masuni hujibu kwa sarufi, kwamba neno hilo likiambatana na kiungo kilichopo katika aya huwa na maana ya kutazama. Mabishano haya si mchezo wa maneno. Yanahusu utukufu wa Mungu, na kila upande unaulinda kwa njia yake.

Kiini chake ni ule mkabala. Hoja ya Maibadhi, ambayo waliishiriki na Mutazila, wanatheolojia wa Kiislamu wa zamani, ni kuwa chenye kuonekana lazima kiwe mkabala na mwenye kuona. Lazima kiwe upande fulani, kwa umbali fulani, na kiwe na mipaka. Mungu hana upande wala mipaka. Kwa hiyo anayedai kwamba ataonekana amemfanya kuwa kiwiliwili bila ya kukusudia. Wanazuoni wa Suni wa njia ya Ashari wanakubali kuwa Mungu hana upande, lakini wanakataa kuwa mkabala ni sharti la kila kuona. Ni sharti la macho ya hapa duniani, kwa jinsi Mungu alivyoyazoesha. Huko ataonekana pasipo namna inayoweza kuelezwa. Pande zote mbili basi zimeafikiana katika jambo moja kubwa: Mungu hakai mbele ya mtu kama jirani anavyokaa barazani. Wanachotofautiana ni kama pana kukutana ambako kumeupita mkabala.

Tofauti hiyo imewahi kuleta madhara. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanazuoni wa Kisuni kutoka Mombasa, alifungwa na Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, kwa kuyapinga madhehebu ya Ibadhi, akaachiliwa baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Lakini kisiwa hicho kilijua pia hali nyengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 Sheikh Nasir bin Salim al-Ruwahi, mshairi na mwanazuoni mkubwa wa Kiibadhi anayejulikana kwa jina la Abu Muslim, na Sayyid Ahmad bin Sumait wa madhehebu ya Shafi waliishi katika mji mmoja na wote walihudumu kama makadhi. Mjadala wenyewe haukumalizika kwa kuondoka masultani. Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Unguja mwaka 1942 na kuwa Mufti wa Oman tangu 1975, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha kuyatetea madhehebu yake katika mambo matatu, na moja kati ya hayo ni suala hili la kumuona Mungu. Mwibadhi na Mshafi bado huweza kusimama safu moja msikitini, mmoja ameiteremsha mikono na mwengine ameifunga kifuani, nyuso zao wote kibla. Na wote wawili wamefundishwa Hadithi ileile ya ihsani: mwabudu Mungu kana kwamba unamuona, kwani ukiwa humuoni, Yeye anakuona.

Katika mtaa wa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe huohuo, usemi huu umeingia katika dini kwa mlango mwengine, wa Ukristo. Biblia ya Kiebrania inasimulia kuwa Musa alisema na Mungu uso kwa uso kama mtu na rafiki yake, kisha katika sura hiyohiyo ya Kutoka anaambiwa kuwa hakuna mtu awezaye kuuona uso wa Mungu akaishi. Wafasiri wengi hupatanisha mawili hayo kwa kusema kuwa la kwanza linaeleza uwazi wa mazungumzo, na la pili linaeleza ukuu wa Mwenye kusema. Mtume Paulo, akiwaandikia watu wa Korintho, alitumia mfano wa kioo. Vioo vya zama zake vilikuwa vya shaba iliyosuguliwa, na taswira yake ilikuwa hafifu. Ndivyo mja anavyomjua Mungu sasa, na baadaye atamjua uso kwa uso, kama naye anavyojuliwa. Uzito uko katika maneno hayo ya mwisho. Kujua kwa kweli ni kujua kwa pande mbili.

Maneno hayo yalitafutiwa Kiswahili Unguja. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyefika mwaka 1864 na kuwa askofu kuanzia 1874 hadi kifo chake mwaka 1882, alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Katika kazi ya Zaburi alisaidiwa na Sheikh Abdulaziz al-Amawy, mwanazuoni mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja. Kadhi wa Kiislamu na padri wa Kianglikana walishughulikia pamoja mashairi ambayo ndani yake mja anautafuta uso wa Mungu, ingawa hakuna aliyeiacha imani yake kwa ajili ya mwenziwe.

Kanisa kuu alilolijenga Steere huko Mkunazini limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Hapo ndipo panapodhihirika kuwa ukaribu peke yake haufanyi uso kwa uso. Mnunuzi alisimama mbele ya mtu, akamfungua mdomo akamkagua meno, akamgeuza, akamtembeza. Macho yalitazamana, lakini mmoja aliruhusiwa kuuliza na mwengine hakuruhusiwa kujibu. Nje ya kanisa liko shimo ambamo msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, aliweka mwaka 1998 sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Shimo lina kina, na mgeni hulazimika kuinamisha kichwa ili azione nyuso zao. Anawatazama kutoka juu, kama walivyotazamwa, na wengi hunyamaza wanapoligundua hilo.

Wanafalsafa wa Ulaya wa karne iliyopita walifika karibu na fikra hii kwa njia yao. Martin Buber, katika kitabu alichokitoa mwaka 1923, alitofautisha baina ya kumchukulia mwengine kama kitu cha kutumiwa na kumwelekea kama "wewe". Emmanuel Levinas, ambaye alikuwa mateka wa vita wakati jamaa zake wa Lithuania wakiuawa na Wanazi, aliandika mwaka 1961 kuwa uso wa mtu hutoa amri kabla ya neno lolote kusemwa, na amri yake ya kwanza ni kutouawa. Mswahili aliyelelewa na methali ya uso na haya hawezi kuliona jambo hilo kuwa geni. Tofauti ni kwamba Levinas aliutafuta uwajibikaji katika uso wa mwengine, ilhali methali inauweka kwanza katika uso wa mtazamaji mwenyewe.

Siku hizi usemi huu umepata kazi mpya, kutofautisha kikao cha watu waliohudhuria na kikao cha simu au cha video. Kwa familia za Unguja zilizogawika baina ya kisiwa, Muscat, Dubai na London, swali la kama kikao cha namna hiyo kinatosha ni la kila siku. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliruhusu mikataba ya biashara kufungwa kwa njia za mawasiliano za kisasa, lakini likaitoa ndoa katika ruhusa hiyo, kwa kuwa ndoa inahitaji mashahidi. Njia iliyokuwapo tangu zamani ni uwakala. Kijana aliyeko Muscat humpa uwakala nduguye au rafiki yake. Siku ya nikaha, wakala huyo huketi mbele ya wali, hutoa mkono wa kulia, na hujibu kuwa amekubali kwa niaba ya fulani. Mwenye kuoa yuko mbali, lakini mkataba haukufungwa na sauti isiyo na mtu. Pana uso uliouelekea uso wa wali, na mashahidi wawili wanaoweza kusema walimwona nani na alisema nini.